Sifa Iende kwa Maana

Mpe mtoto wa darasa la pili tangazo la benki kuhusu mikopo na riba. Kama amefundishwa silabi vizuri, atalisoma lote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Muulize tangazo limesema nini, atakutazama tu. Kiswahili kinaizaa hali hii kwa urahisi kuliko lugha nyingi, kwa sababu maandishi yetu yanafuata matamshi. Ba ni ba popote uikutapo, na mtoto akishazimudu silabi za kawaida pamoja na zile nzito za mbwa, nywele na ng'ombe, hakuna neno la Kiswahili litakalomshinda kulitamka. Anayejifunza kusoma Kiingereza huhangaika kwa miaka na tahajia isiyotabirika, ilhali wetu huivuka hatua hiyo mapema. Ni neema kubwa, lakini inatuficha tatizo. Mtoto anayetamka vizuri anasikika sawasawa na mtoto anayesoma.

Nasi tunamsifu. Mgeni akija nyumbani, mtoto anaitwa asome gazeti, anasoma, watu wanamshangilia. Darasani anayesoma bila kusita anapigiwa makofi na wenzake. Hakuna aliyemuuliza alichokisoma. Ushauri wangu kwa wazazi na walimu wa madarasa ya chini ni kwamba sifa hizo, makofi hayo na zawadi hizo zihame kutoka kwenye sauti, ziende kwenye maana. Kuna elimu ya zaidi ya miaka mia moja inayotuonesha jinsi ya kuzihamisha, nayo ni saikolojia ya tabia.

Mwaka 1898 Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa kuwafungia paka katika visanduku vilivyofunguka kwa kugusa kitasa au kuvuta kamba. Paka alihangaika, akakwaruza huku na kule, mpaka kwa bahati akagusa palipotakiwa, mlango ukafunguka, akala chakula kilichowekwa nje. Aliporudishwa ndani tena na tena, mahangaiko yalipungua, kikabaki kitendo kile kilichofungua mlango. Kitendo kinachofuatwa na matokeo mazuri hujirudia, na kisichofuatwa na lolote hufifia. B. F. Skinner, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, aliliendeleza wazo hilo, na mwaka 1953 alipokwenda kuangalia somo la hesabu katika darasa la binti yake, kilichomkera ni kwamba watoto walikokotoa bila kujua papo hapo kama wamepata au wamekosa. Waliomaliza walikaa bure, waliokwama waliachwa na kukwama kwao.

Wengi wakisikia habari za paka hudhani njia hizi zinafaa kwa kukaririsha tu, na ufahamu una mambo yake mengine. Lakini Thorndike huyohuyo, mwaka 1917, alichapisha uchunguzi wa makosa ambayo watoto hufanya wanapojibu maswali kuhusu aya waliyoisoma. Aliyapanga majibu yaliyokosewa, akaona kwamba mara nyingi neno moja lilikuwa limepata nguvu kupita kiasi akilini mwa mtoto na kuyafunika mengine. Akahitimisha kwamba kusoma aya ni kufikiri hasa: kuchagua, kupima uzito wa kila neno, kuunganisha, sawa na kutatua fumbo la hesabu. Kufikiri huko nako kunaweza kufundishwa kwa hatua ndogondogo na kuimarishwa kwa matokeo mazuri, mradi tukubali jambo moja: ufahamu wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni vitendo vya mtu aliyeelewa. Anafuata maelekezo aliyoyasoma. Anasimulia kwa maneno yake. Anarudi nyuma kutafuta jibu. Anasema, "Hapa sijaelewa." Anabashiri kitakachotokea, na anajisahihisha anaposikia kwamba alichotamka hakileti maana. Hivyo ndivyo vitendo vya kufundisha, kuvitazama na kuvisifu.

Anza na maandishi yanayodai kitendo. Kwa anayeanza kusoma, andika kwenye karatasi: Gusa mlango. Siku nyingine: Lete kijiko na kikombe. Akizoea: Weka kijiko chini ya kikombe, si ndani yake. Usimsomee, wala usimwoneshe kwa macho. Asome, kisha atende. Katika sentensi hiyo ya tatu kazi imo katika maneno "si ndani yake", maana anayebahatisha atakitumbukiza kijiko kikombeni, ndiko vijiko vinakokaa siku zote. Akikosea, mwambie asome tena na asimamishe kidole kwenye neno "si". Akikihamisha mwenyewe, hapo ndipo pa kumsifu, na umwambie unachomsifia: "Umerudi kwenye maandishi, ukagundua."

Halafu jioni moja ficha embe, uache karatasi mezani: Embe lako liko nyuma ya mtungi, ndani ya sufuria ndogo iliyofunikwa. Nyuma ya mtungi weka sufuria mbili, moja kubwa na moja ndogo, zote zimefunikwa. Atakayetamka tu hatapata kitu, na atakayesoma nusu nusu atafunua sufuria isiyo yake. Aliyeelewa atakula embe. Napenda zoezi hili kuliko yote nitakayoyataja, kwa sababu hapa mzazi hahitaji kusema "hongera" wala "umekosea". Maana yenyewe imemlipa mtoto. Tuzo za namna hii, zinazotoka ndani ya kitendo, ndizo zinazodumu, na nyumba ya kawaida imejaa nafasi za kuzitoa. Mtume dukani na orodha aliyoisoma mwenyewe. Baba aliye safarini atume ujumbe mfupi wa simu wenye swali, mtoto ausome na kuujibu. Dada mkubwa aache kikaratasi kwenye begi la shule kinachosema mpira umewekwa wapi.

Baada ya hapo njoo kwenye hadithi. Nitachukua aya moja fupi niliyoitunga kwa ajili ya somo hili, tuitazame kwa karibu:

Mama alimtuma Zawadi dukani akanunue chumvi. Muuza duka akamfungia kwenye karatasi. Alipokuwa njiani, mvua ikaanza kunyesha. Zawadi akaifunika kwa kanga yake, akakimbia. Alifika nyumbani amelowa chepechepe, lakini mama alipoifungua ile karatasi akacheka kwa furaha.

Watu wazima tunaipita aya hii bila kuhisi chochote. Kwa mtoto wa miaka minane ina mitego mitatu, na wa kwanza umo katika neno "akaifunika". Alifunika nini? Ile i katikati ya neno inaweza kuwa chumvi, inaweza kuwa karatasi, na kwa sarufi tupu inaweza kuwa hata mvua, ambayo ndiyo iliyotajwa karibu zaidi. Utakutana na mtoto atakayekujibu bila wasiwasi, "Alifunika mvua." Huyo hajafanya ujinga. Neno lililo karibu limepata nguvu kuliko mengine, kosa lilelile la watoto wa Thorndike, na ni kosa lenye faida kwako kwa sababu limekuonesha pa kufundishia.

Sasa ufanye nini? Kwanza nyamaza kidogo. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kwamba walimu huwa wanasubiri jibu kwa wastani wa sekunde moja hivi kabla ya kuingilia. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kujibu. Ukimya usipotosha, toa dokezo dogo kabisa: "Soma tena sentensi hiyo na iliyo juu yake." Bado? Ongeza kidogo: "Zawadi alikuwa amebeba nini mkononi?" Bado? Mpe viwili achague: "Alifunika mvua au chumvi? Mvua inafunikika kwa kanga?" Na kama hapo napo hakutoka, fikiri wewe kwa sauti, aone jinsi msomaji anavyofanya: "Naona i. Natafuta kitu kilichotajwa kinachoweza kufunikwa. Mvua haifunikiki. Alikuwa na chumvi kwenye karatasi. Basi aliifunika chumvi." Kisha, na hili usiliache, mrudishe kwenye sentensi aisome na ajibu yeye mwenyewe. Kitendo cha mwisho kiwe cha mtoto, kiwe sahihi, na sifa ifuate papo hapo.

Kesho yake, kwenye aya nyingine, usianzie na madokezo makubwa uliyoishia nayo jana. Anza tena na ukimya. Madokezo yamewekwa ili yaondolewe, na walimu wengi wema hukwama hapa: wanasaidia vizuri, lakini msaada hauondoki. Mtoto anazoea kumtazama usoni mwalimu badala ya kutazama kitabu. Akiona nyusi zimepanda anabadili jibu, akiona tabasamu anaendelea. Mtoto kama huyo atapata maswali yote mkiwa pamoja, akikaa peke yake kwenye mtihani hana pa kushika.

Mtego wa pili ni swali la "kwa nini". Kwa nini aliifunika? Hakuna sentensi inayosema kwamba chumvi huyeyuka ikipata maji. Anayejua atajibu mara moja, asiyejua hata asome mara kumi hataliona. Hapo usimrudishe kwenye maandishi. Mletee chumvi kidogo kiganjani, mdondoshee maji, atazame. Na wa tatu, mama alicheka kwa nini ilhali mtoto wake amelowa? Jibu linahitaji kuunganisha yote: karatasi ilipofunguliwa chumvi ilikuwa kavu. Ukimpata mtoto aliyefika huko bila dokezo, mwite na bibi aje asikie.

Nirudi kwenye ile i, kwa sababu naona tunaipuuza. Katika Kiswahili sehemu kubwa ya maana imefungwa ndani ya kitenzi. "Juma alimpikia bibi" na "Juma alipikiwa na bibi" zina Juma yuleyule, bibi yuleyule na upishi uleule, lakini kwenye moja Juma ndiye aliyeshika mwiko na kwenye nyingine anangoja kula. Mambo haya shuleni yanaitwa sarufi na huchelewa kufika, lakini kuyaelewa hakuhitaji istilahi yoyote. Andika sentensi mbili za namna hiyo, moja chini ya nyingine, na umwambie mtoto achore au aigize nani anafanya nini. Mwekee zinazofanana mno, tofauti ibaki kwenye viambishi tu: nilimwona na aliniona, tumewaletea na wametuletea. Dakika mbili tatu kwa siku zinatosha. Maneno marefu kama "hawakutusubiri" yakate naye kwa vidole: ha, wa, ku, tu, subiri. Wa ni akina nani? Tu ni akina nani? Walisubiri au hawakusubiri? Mtoto aliyezoea kulipasua neno hivi haogopi tena urefu wake.

Kuhusu kusifu kwenyewe, neno "hongera" likitupwa hovyo halifundishi. Mtoto hajui ameipata kwa lipi, na kwa kuwa alikuwa akisoma kwa sauti nzuri ataamini ni kwa sauti. Taja kitendo: "Umesimama ukasema hujui maana ya neno hilo. Umefanya vizuri kusimama." Mwanzoni sifu kila mara kitendo kipya kinapojitokeza, hata kama ni nusu ya unachokitaka. Mtoto ambaye jana hakusimulia chochote na leo amesema "kulikuwa na msichana na chumvi" amesogea, na msogeo huo unalipwa. Wiki ijayo usilipe hiyo nusu, dai zaidi kidogo. Kitendo kikishakuwa mazoea, sifa zipungue, zije mara mojamoja bila kutabirika. Inasikika kama uchoyo, lakini tabia iliyolipwa kila mara hufa haraka malipo yakikoma, na iliyozoea kulipwa mara mojamoja huvumilia.

Pipi na fedha zinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Marekani kwa watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora, wengine walikipata bila kutarajia, wengine hawakupewa chochote. Baadaye waliokuwa wameahidiwa ndio waliopunguza hamu ya kuchora, wenzao hawakupungukiwa. Kwa hiyo mtoto anayependa vitabu usimlipe kwa kusoma, utamharibia. Mtoto anayekimbia kitabu anaweza kuanziwa na kitu kidogo cha kumvuta, kisha kiondolewe polepole hadithi zenyewe zikianza kumnogea. Kati ya zawadi zote naona bora ni zile zinazoongeza kusoma: achague yeye hadithi ya kesho, au ampigie shangazi simu amsomee kisa kilichomchekesha.

Sasa fimbo. Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Nchini Tanzania kanuni bado zinairuhusu kwa masharti. Sitaingia kwenye mjadala mzima, lakini katika somo la kusoma sina shaka hata kidogo: fimbo inaua ufahamu. Skinner, ambaye watu humdhania mtu wa adhabu na tuzo, aliipinga adhabu maisha yake yote, kwa hoja kwamba inazima tabia kwa muda tu na kumfundisha anayeadhibiwa kukwepa. Tazama darasa ambamo anayekosea jibu hupigwa. Wanaojua nusu hawanyoshi mkono. Wasiojua hunong'onezana, hunakili, hujificha nyuma ya migongo ya wenzao. Hakuna anayethubutu kusema "Hapa sijaelewa", na hicho ndicho kitendo tunachokihitaji kuliko vyote. Kejeli ya mwalimu na kicheko cha darasa vinafanya kazi hiyohiyo ya fimbo.

Upande wa pili wapo watoto tunaowalipa kwa kutosoma bila kujua. Mwalimu anauliza, mtoto anasema "Sijui", mwalimu anahamia kwa mwingine. Mtoto ameponyoka, na kuponyoka ni tuzo tamu. Kesho atasema "Sijui" mapema zaidi. Dawa yake haina ukali wowote: muulize mwenzake, jibu likipatikana mrudie yule wa kwanza, umwombe aoneshe kwenye maandishi jibu limetoka wapi. Akionesha, msifu kama wengine. Baada ya muda atagundua kwamba "Sijui" haimpeleki popote, na kujaribu hakumuumizi.

Kuna tabia nyingine ya madarasa yetu inayonisumbua zaidi. Mwalimu anamaliza aya, anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Mwalimu anaridhika, anaendelea. Watoto wamejifunza kwamba itikio hilo linamfurahisha, na mwalimu amejifunza kwamba swali hilo linamletea furaha. Kila upande unauimarisha mwingine, maana haimo. Liondoe swali hilo kabisa. Badala yake kata vipande vya boksi, kila mtoto apate viwili, kimoja kimeandikwa NDIYO na kingine HAPANA. Soma kauli kuhusu hadithi: "Zawadi alilowa kwa sababu hakuwa na kanga." Hesabu hadi tatu, kila mtu anyanyue kadi. Hata ukiwa na watoto 80, kwa kutupa jicho mara moja utaona nani wameinua ipi, na utaona wale wanaochungulia kwanza ya jirani. Kisha mchague mmoja aeleze kwa nini, kwa kuvuta kijiti chenye jina kutoka kwenye kopo, ili zamu isiwe ya wale watano wa mbele siku zote. Kama vitabu havitoshi, aya ya sentensi tano inaandikika nyuma ya kalenda ya mwaka jana na kubandikwa ukutani, nayo inafundisha wiki nzima.

Nasisitiza kufundisha, kwa sababu kuuliza maswali peke yake ni kupima. Dolores Durkin, aliyekaa kwenye madarasa ya Marekani akipima kwa dakika jinsi muda wa kusoma unavyotumika, aliripoti mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba chini ya asilimia moja ya muda huo ndiyo iliyokwenda kwenye kufundisha ufahamu hasa. Walimu walitoa mazoezi, wakauliza, wakasahihisha. Hawakuwaonesha watoto jinsi ya kufanya. Utaratibu unaofaa ni ule ambao walimu wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu kutoka kwenye mafunzo ya miaka ya karibuni: nafanya mimi huku mnatazama, tunafanya pamoja, unafanya wewe. Kosa la kawaida ni kuruka hatua ya kati.

Cha kuonesha ni nini? Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walieleza njia waliyoijaribu kwa wanafunzi waliotamka maneno vizuri lakini walikuwa dhaifu kuelewa, yaani watoto wa aina tunayoizungumzia. Waliwafundisha kushika zamu ya ualimu katika kikundi kidogo na kufanya mambo manne kwa kila kipande cha maandishi: kufupisha, kuuliza swali, kufafanua palipo na utata, na kubashiri kinachofuata. Kwetu jambo hili lina mlango tayari. Mtoto aliyekulia kwenye "Paukwa!" na "Pakawa!" ameshabashiri mara nyingi sungura atafanya nini, na aliyetegewa vitendawili ameshazoea kuutafuta ukweli usiosemwa. Kinachokosekana ni kumwambia kwamba akili ileile inatakiwa akishika kitabu. Simulia hadithi kwa mdomo, katikati simama, aulize yeye na abashiri yeye. Siku inayofuata chukua hadithi iliyoandikwa, fanya vilevile. Kikundi cha watoto wanne chini ya mwembe, kila mmoja na zamu yake ya kuwa mwalimu, kinaweza kufanya kazi hii huku wewe ukiwa na kikundi kingine.

Kasi nayo ina nafasi yake. Mtoto anayehangaika na kila silabi hana nguvu iliyobaki ya kufikiria maana, na kurudia aya ileile mara tatu nne kunamwondolea mzigo huo. Kenya iliweka maneno 45 kwa dakika kuwa kipimo cha ufasaha wa Kiswahili kwa watoto wadogo, ilhali Kiingereza ni 65, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Akishafika karibu na hapo acha kumpigia saa. Anayeendelea kusifiwa kwa mbio atajifunza kukimbia juu ya maana.

Wapo watoto ambao tatizo lao haliko kwenye kusoma kabisa. Aliyekulia kwa Kisukuma, Kigogo au Kimaasai akaingia darasa la kwanza anaweza kuzimudu silabi zote za Kiswahili na asijue maneno yanamaanisha nini, na mtoto wa mjini aliyepelekwa shule ya mchepuo wa Kiingereza yumo katika hali hiyohiyo akiwa na sare nzuri zaidi. Kwao mazungumzo yatangulie. Kabla ya hadithi ya Zawadi waoneshwe chumvi, kanga na karatasi, wavitaje, wavitumie katika sentensi. Hakuna kadi wala kijiti kitakachoziba pengo la lugha.

Weka kumbukumbu. Ogden Lindsley, mwanafunzi wa Skinner, alisisitiza kwamba grafu ya maendeleo ya mtoto imkosoe mwalimu kabla ya kumkosoa mtoto, na watoto wenyewe wafundishwe kuichora. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, hadithi, maswali aliyojibu bila dokezo, maswali aliyohitaji dokezo, na dokezo lipi. Mwache mtoto apake rangi kisanduku kimoja kwa kila jibu alilolipata mwenyewe. Siku nne tano zikipita visanduku haviongezeki, badilisha kitu upande wako: aya iwe fupi zaidi, swali liwe rahisi zaidi, au urudi kwenye karatasi za maelekezo. Na kama anashindwa hata kuunganisha silabi baada ya majuma mengi ya kazi ya uangalifu, apimwe macho na masikio kabla hajaitwa mzito. Mtoto asiyeona ubao vizuri huonekana mvivu kwa miaka.

Dakika 15 kwa siku, siku tano za wiki, ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Simu iwekwe mbali, ya kwako kwanza. Mkimaliza, mwambie akusimulie hadithi kwa sentensi mbili bila kutazama kitabu, umwandikie sentensi hizo kwenye daftari kama alivyozisema, hata kama zina makosa. Siku atakapokatiza kusoma mwenyewe, akarudi mstari wa juu bila kuambiwa na kukuuliza, "Mbona hapa wamesema hivi?", funga orodha yako ya maswali ya jioni hiyo, ujibu la kwake.